Mtoto Wangu Kazaliwa Ng'ambo ya Mto

Kama wiki jana hukununua gazeti, usijilaumu. Hukukosa raha yoyote.

Kwa ufupi: mimi ni Kirsten, mke wa Wade Petersen, mpima malori ya mahindi hapa magharibi ya Iowa. Mimba zangu zote zilitoka. Ya mwisho ikaondoka na kizazi chenyewe. Yakabaki mayai yangu kwenye friji ya hospitali, na mume anayejifanya halii. Ndipo akatokea Janelle Goettsch, jirani yetu wa barabara ya pili, mama wa wavulana wawili, akasema, "Mimi nitawabebea. Mimi ghala tu, mahindi ni yenu."

Yai langu, mbegu ya Wade, tumbo la Janelle. Ikashika.

Niliwaacha nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya kanisa. Mimba ya Janelle ina miezi saba na nusu, kila mtu ananipongeza, na mimi sisikii chochote. Si furaha, si hofu. Unaujua mguu ulioukalia vibaya? Basi mimi ulikuwa moyo.

Haya. Nikashuka kwenye gari.

Mkononi nilikuwa na bakuli la saladi ya viazi. Ndani ya mfuko wa koti nilikuwa na panya wa plastiki, wa kumtegea mama mkwe wangu, Bi. Arlys. Mtu anaweza kufa ganzi na utani ukabaki unatembea peke yake.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Ukumbi wa chini ya kanisa umejaa, tunachangia gari la wagonjwa la kijiji. Chakula ni kile kile cha kila mwaka: supu ya maharage na nyama ya kusaga, na mkate wa mdalasini pembeni. Asiyejua kuchovya huo ndani ya ile si mwenzetu.

Janelle namkuta kwenye meza ya kugawa mikate, amevaa aproni, tumbo limetangulia.

"Wewe, si daktari alisema upumzike?"

"Napumzika. Huoni nimeegemea meza?"

"Mbona umekunja uso?"

"Ndiyo sura yangu. Nimezaliwa nayo."

Akainua mkate kwa koleo kumpa mzee mmoja. Katikati ya safari mkate ukasimama hewani. Janelle akafumba macho, akapumua kwa pua. Mzee na sahani yake akangoja kwa adabu, kama anangoja taa ziwake kijani.

Mkate ukaendelea na safari.

"Janelle, huo ni uchungu?"

"Ah, si haba."

Ukikaa huku utajua. Mtu wa kwetu mkono wake ukiliwa na mashine ya kuvunia atakuambia si haba. Akifika kusema "inauma kidogo," mwite mchungaji.

"Umeanza lini?"

"Nini?"

"Janelle!"

"Tangu wimbo wa kwanza wa ibada," akanong'ona. "Lakini zamu yangu haijaisha. Na wa kunipokea ni Bi. Arlys, na nyonga yake ile mbovu. Nimwachie foleni yote hii? Si vizuri."

Wimbo wa kwanza ulikuwa asubuhi. Saa hizi watu walikuwa wanachukua supu ya pili.

Nikapanda juu ya kiti.

"Jamani! Janelle ana uchungu! Mtoto anakuja!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Mtu akapiga makofi.

"Kirsten, mara hii hutupati!"

Kosa si lao. Pasaka iliyopita nilishika kipaza sauti nikatangaza nguruwe wa kina Goettsch wametoroka. Wanaume wote wakatoka mbio na suti zao mpaka mtaroni. Mchungaji alipoteza kiatu.

"Nasema kweli!"

"Hata siku ya nguruwe uliapa ni kweli!"

Aliyeniamini ni Wade peke yake. Alikuja taratibu, akamfungua Janelle aproni mgongoni bila neno. Wade ni mtu wa maneno machache. Tulipoambiwa kizazi changu kimetolewa, alisema "sawa," akaenda kuosha gari.

"Twende, Janelle," akasema.

"Twende. Ngoja niage."

Hapo sasa. Kwetu kuaga ni ibada ya pili. Huwezi kutoka tu kama mwizi. Unaaga meza, unaaga aliyepika, unafika mlangoni unakumbuka hujauliza hali ya ng'ombe wa fulani, unarudi. Janelle alipita meza moja moja amejishika kiuno. Anasimama, anapumua kwa pua, anaendelea: "Na mama anaendeleaje? Msalimie sana."

Mimi nyuma yake nasema, "Janelle, gari." Nasema, "Janelle, nakuomba."

Tukafika mlangoni. Bi. Arlys akatuzuia na kontena la supu.

"Janelle, mchukulie mumeo Cody, yuko shambani tangu alfajiri, hajala."

"Mama, tuna haraka," Wade akasema.

"Haraka ya nini? Chukueni na mikate. Hiyo ya pembeni imeungua kidogo, lakini ya katikati ni..."

Maji yakapasuka. Pale pale, juu ya zulia la kukaribisha wageni.

Sasa ukumbi ukaniamini.

"Samahani," Janelle akasema. "Jamani, samahani sana. Nani ana kitambaa?"

Akaanza kuinama. Naapa, alikuwa anataka kufuta. Bi. Arlys akamnyang'anya kitambaa.

"Binti yangu, ukiinama tena nakuchapa. Wade! Mshike! Na wewe Kirsten, mbona husemi kitu?"

Nilikuwa nimesema mpaka juu ya kiti. Nikaacha.

Bahati moja: gari la wagonjwa lilikuwa nje, limeoshwa, limefungwa riboni kwa ajili ya kupigwa picha. Wahudumu wake walikuwa ndani, supu midevuni. Rusty, mkubwa wao, fundi wa matrekta siku za kazi, aliinuka na mkate mdomoni. Tukampandisha Janelle. Mimi nikakaa ubavuni kwake. Wade na mama yake wakatufuata na gari letu. Dereva wao alikuwa likizo, kwa hiyo usukani alishika mke wa Rusty, ambaye huendesha basi la shule na haogopi kitu duniani.

"Wapi?" akauliza kutoka mbele.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pa kosa.

Mwanasheria wetu, Bi. Pruitt, alitukalisha mwanzoni kabisa akatuambia: huku Iowa hakimu ameshaandika. Mtoto akitoka tu, mama ni Kirsten, baba ni Wade. Lakini ukivuka mto Missouri uko Nebraska. Kule makubaliano kama yenu hayana nguvu. Kule aliyezaa ndiye mama. Kwa hiyo tangu mimba iwe kubwa, Janelle asivuke daraja hata kwa kununua viatu.

Na hakuvuka. Harusi ya binamu yake aliitazama kwenye simu.

Hospitali tuliyopanga ilikuwa upande wetu, mashariki, mwendo mrefu. Kama tungeondoka wimbo wa kwanza, tungeshafika na kupewa chai.

"Ile mliyopanga ni mbali mno sasa," Rusty akasema. Alikuwa ameweka kile kidude tumboni, anasikiliza. "Hii ya karibu haina mashine za vichanga wa miezi hii. Ng'ambo wanazo, na ni daraja tu."

"Rusty," Janelle akasema, jasho linamtiririka, "kama si usumbufu, twende ile yetu."

"Janelle, ni usumbufu."

"Basi samahani. Lakini nilimwahidi."

"Mapigo ya mtoto yanashuka kila unapobanwa. Sipendi ninachokisikia." Akageuka kwangu. "Kirsten, wewe ndiye mama. Sema, twende wapi?"

Mama.

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka. Nimewahi kulijaribu kwenye kioo cha bafu, mlango umefungwa. Nilifikiri siku likija litaniangusha. Likanipita kama jina la mtu mwingine linapoitwa benki.

"Vuka," nikasema.

Janelle akanishika mkono.

"Kirsten, hapana. Naweza kuvumilia. Kweli. Si haba."

"Funga mdomo, mwenzangu. Vuka!"

Nikasikia matairi yakibadilisha sauti chini yetu. Chuma. Tuko juu ya mto. Kisha yakabadilisha tena. Lami.

"Samahani," Janelle akasema.

"Usiombe samahani. Wewe sukuma tu."

"Asisukume!" Rusty akapiga kelele. "Usisukume, Janelle! Kirsten, wewe nyamaza kabisa!"

Nilisoma saikolojia chuoni nikaacha mwaka wa tatu. Uzazi haukuwamo kwenye silabasi.

Alizaliwa tumefika tu. Mimi nilikuwa nje ya pazia. Nikasikia watu wanaongea haraka, halafu kitu kama mlio wa paka mdogo aliyefungiwa kabatini. Mtu akapita mbele yangu na kifurushi, anakimbia. Nilichoona ni kisigino. Kisigino kimoja, chekundu.

"Msichana," mtu akasema.

Nikapiga simu kwa Bi. Pruitt. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba, sherehe ya mjukuu.

"Amezaliwa," nikasema. "Msichana."

"Kirsten! Hongera! Mko hospitali ile?"

"Tuko ng'ambo."

Watoto wakamaliza wimbo, wakapiga makofi.

"Ng'ambo ya mto?"

"Ndiyo."

"Nani aliwaambia mvuke?"

"Mimi."

Akashusha pumzi. "Sikiliza. Leo Jumapili. Hakimu simpati mpaka kesho. Msiseme kitu, msisaini kitu, na Janelle asikubali popote kwamba yeye ndiye mama. Tukianza hivyo, kujitoa ni kazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Uko sawa, lakini?"

"Si haba," nikasema.

Nikarudi chumbani. Wade alikuwa amesimama ukutani, kofia mkononi. Bi. Arlys amekaa, na lile kontena la supu bado liko mapajani. Janelle kitandani, mweupe kama shuka. Muuguzi mmoja mama mtu mzima aliingia na utepe wa mkononi, wenye namba sawa na ya mtoto.

"Mama ni nani?"

"Huyu hapa," Wade akasema, akinionyesha mimi.

Muuguzi akanitazama tumbo. Akamtazama Janelle.

"Kaka, nauliza aliyezaa."

"Aliyezaa ni huyu, lakini mama ni huyu," Bi. Arlys akaingilia. "Ni rahisi tu. Yai la huyu, mbegu ya mwanangu, na huyu ni jirani."

"Mama yangu, nimekuelewa," muuguzi akasema, na kweli alikuwa mtu mwema. "Mpwa wangu alipatikana hivyo hivyo. Lakini nimeuliza ofisini mara mbili. Wamesema mpaka hakimu wa huku aseme, mama ni aliyejifungua."

Daktari akatokea mlangoni, kijana, miwani juu ya nywele.

"Mapafu yake hayafunguki vizuri. Tuna dawa ya kumwekea kwa mrija mdogo. Kwa sasa anapumua, lakini anachoka. Ningependa tuianze sasa hivi kabla haijawa dharura. Nahitaji mama akubali."

Wote tukamgeukia Janelle.

Janelle akatikisa kichwa.

"Mimi siyo mama yake."

"Dada..."

"Hapana. Niliapa mbele ya hakimu. Nilimwambia Kirsten neno hilo halitatoka mdomoni mwangu hata siku moja. Muulizeni yeye. Mama ni yeye."

"Kwa karatasi za hapa, siwezi kumuuliza yeye."

"Basi mngoje hakimu."

"Mtoto hangoji hakimu," daktari akasema.

"Niandikeni mimi!" Bi. Arlys akapaza sauti, supu ikamchezea mapajani. "Niandikeni mimi, mmalize! Nina miaka sabini na moja, miujiza hutokea!"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka. Ningekuwa nyumbani ningecheka.

Nikaenda kitandani. Janelle alikuwa ameuma shuka. Mwanamke huyu alikuwa amekaa kwenye uchungu asubuhi nzima ili asimwudhi kikongwe mwenye nyonga, na sasa alikuwa anamngojesha mwanangu ili asinikosee mimi. Adabu ileile. Ndiyo iliyotuleta ng'ambo.

"Janelle. Mwambie ndiyo."

"Nikisema, nimekuibia."

"Sema."

"Kirsten," Wade akasema kutoka ukutani. "Mwanasheria amekataza..."

"Mwanasheria anakata keki." Sikugeuka. "Janelle, niangalie. Mwambie daktari wewe ndiye mama. Nimekuruhusu mimi. Nakuomba."

Machozi yakamtoka, yakaelekea masikioni.

"Mimi ndiye mama," akasema. Kwa sauti ndogo sana, kama anataja umri wake. "Mpeni hiyo dawa."

Daktari alishatoka. Muuguzi akafunga utepe kwenye mkono wa Janelle. Ukalia *tak*.

Nilingoja kitu kivunjike ndani yangu. Hakikuvunjika. Nikachukua kontena la supu kwenye mapaja ya mama mkwe, nikalipeleka dirishani, nikalirudisha.

Baadaye muuguzi mwingine alikuja na kiti cha magurudumu.

"Mama, dawa imeingia vizuri. Twende ukamwone. Unaruhusiwa na mtu mmoja. Mume wako amefika?"

Cody alikuwa bado njiani, na nguo za shamba.

"Aje huyu," Janelle akasema, akanishika koti.

"Na huyu ni nani kwa mtoto?"

Wade aliinamia kofia yake. Bi. Arlys akafunga upya kifuniko cha supu.

"Shangazi," nikasema.

Tukaoshwa mikono mpaka viwikoni. Nikasukuma kile kiti mimi mwenyewe. Chumba kilikuwa cha joto, taa hafifu, masanduku ya kioo yamepangwa, na kila sanduku lina mashine inayoongea peke yake. La kwetu lilikuwa la mwisho. Lilikuwa na kibandiko: *Mtoto wa Goettsch*.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, na mwenye hasira kuliko nilivyofikiri. Kidevu cha Wade. Kidevu kile kile, kwenye uso wa ukubwa wa chungwa.

Muuguzi akafungua kidirisha cha pembeni.

"Mama, ingiza mkono. Mwekee kiganja mgongoni, taratibu, usimsugue. Wakihangaika hivi hutulia wakiguswa."

Janelle akaficha mikono kwapani.

"Siwezi."

"Usiogope, hatavunjika."

"Siogopi hilo. Sikumtazama hata alipotoka. Niliwaomba wasinionyeshe." Akanigeukia. "Cody huwakataza wavulana wetu kuwashikashika ndama wa kuuza. Nilikuambia, Kirsten. Nilikuambia mapema kabisa, mimi nitazaa, sitamgusa."

Mashine ikaanza kulia. Namba za buluu zikawa zinateremka.

"Acha nimshike mimi," nikamwambia muuguzi. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kidirisha.

Muuguzi akaushika kifundoni. Kwa upole.

"Shangazi, leo hapana. Ni mwenye utepe tu. Wakinikuta, watawatoa wote wawili."

Mashine inalia. Mtoto amekunja ngumi, kifua kinaingia ndani kama karatasi.

"Mguse, Janelle," nikasema.

"Usinifanyie hivi."

"Mguse!"

Akaingiza mkono. Kiganja chake kilifunika mgongo wote.

Mashine ikanyamaza. Namba zikapanda moja moja. Mtoto akalegeza ngumi, akageuza uso upande wa ule mkono.

"Umeona?" muuguzi akatabasamu. "Anakujua."

Hapo nikasikia kitu. Hatimaye. Chembamba, kama sindano ya kushonea, kikapita katikati ya kifua na kutokea mgongoni. Furaha sijui ilikuwa wapi.

Tukakaa hivyo. Janelle alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Pumzi yake ikaweka ukungu, ukungu ukamficha mtoto nisimwone.

"Ametulia sasa," nikasema. "Janelle. Toa mkono, upumzike."

Mkono ukabaki pale pale.

"Janelle."

Janelle Goettsch, ambaye hajawahi kumwacha mtu bila jibu tangu azaliwe, hakugeuka hata kidogo.

Muuguzi alikuja na kadi ndogo ya waridi na kalamu, anataka kubandua kile kibandiko cha mwanzo.

"Mama, huyu mrembo tumwandike nani?"

Nikafungua mdomo.

"Hattie," Janelle akasema, haraka, macho yako kwa mtoto.

Sisi tulikuwa tumechagua Ingrid.